Je, Wajua? Klachi Ngumu Huumiza Kiganja

Je, wajua kwamba maumivu ya mkono wa kushoto ya dereva wa bodaboda yaweza kuanzia kwenye waya wa klachi? Katika karne ya 19, kwenye njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, mpagazi wa Kinyamwezi alibeba takriban kilo 30, na uchungu ukamkalia begani. Leo mzigo hubebwa na pikipiki, na kinachoumia ni kiganja.

Vumbi la kiangazi hupenya ndani ya ganda la waya, likagandamana na mafuta ya zamani, waya ukaanza kukwaruza na klachi ikawa ngumu. Mwambie fundi aufungue, atie oili nyepesi juu mpaka itokee chini. Waya ukishaanza kukatika nyuzi, usiulainishe, ubadilishe. Vuta leva karibu na ncha yake, hapo nguvu kidogo hutosha. Ukisubiri abiria, weka nyutro, uachie vidole.

Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku, yaweza kuwa dalili ya mshipa wa fahamu kubanwa kwenye kifundo cha mkono. Hiyo si kazi ya fundi. Nenda hospitali mapema.