Gundi ya kuzibia kayaki yaweza kukuharibia ngozi

Karani mmoja wa afisi alikuja kwenye kliniki yangu mjini Mombasa, kope zimemvimba na mikono imejaa vipele vya maji kutoka vidoleni hadi viwikoni. Alikuwa amekwisha kujipaka malhamu mbili alizouziwa dukani kuwa ni dawa ya choa. Nilipomuuliza hufanya nini baada ya kazi, alisema anajitengenezea kayaki nyumbani, ile mashua nyembamba ya mtu mmoja, kwa plaiwudi. Hapo nikajua ni gundi.

Mafundi wa Lamu hukalafati majahazi kwa pamba iliyotiwa mafuta, wakiishindilia kati ya mbao. Plaiwudi ya kayaki ni nyembamba mno, haikalafatiki. Vipande vyake hushonwa kwa waya, kisha maungio huzibwa kwa epoksi na utepe wa faiba. Epoksi huja katika chupa mbili, gundi yenyewe na hadina ya kuigandisha. Ikishakauka kabisa haina neno. Taabu iko kabla ya hapo.

Epoksi mbichi haikuunguzi papo hapo kama asidi. Unaweza kuishika kwa mikono mitupu leo, kesho na hata miezi usione kitu, ukadhani una ngozi ngumu. Kumbe kila inapokugusa, kinga ya mwili inajifunza kuitambua kama adui. Ikishajifunza, tone dogo tu litakutoa vipele na mwasho mkali, na uso utavimba kwa mvuke wake au kwa vidole ulivyojipangusia jasho. Vipele hivyo hupona, lakini mzio wenyewe kwa kawaida hubaki maishani. Mgonjwa wangu alipona kwa malhamu ya steroidi niliyompa, ila nilimwambia kayaki hiyo aimalizie mtu mwingine. Hakufurahi hata kidogo.

Basi jikinge tangu siku ya kwanza. Vaa shati la mikono mirefu na glavu za naitrili. Zile nyembamba za mpira hazifai, kwani epoksi huzipenya. Glavu zikichafuka, zitupe uvae nyingine. Gundi ikikugusa, nawa kwa sabuni na maji. Usinawe kwa thina wala asetoni, kwa maana huondoa mafuta ya ngozi na kuisaidia gundi kupenya. Nimeona mafundi wakinawa thina kama maji ya kisima!

Changanya kidogo kidogo, kwa sababu kopo lililojaa hupata moto lenyewe hata likatoa moshi. Kabla ya kupiga msasa ngoja kama wiki moja ikauke sawasawa, uvae barakoa ya vumbi, na kazi uifanyie uani, si chumba wanamolala watoto.

Wengine hununua resini ya poliesta kwa kuwa ni rahisi. Hadina yake ni peroksaidi kali, na tone moja likiingia jichoni laweza kupofusha. Vaa miwani ya kazi, na uweke jerikani ya maji safi karibu kabla hujafungua chupa. Likikurukia, fumbua jicho ulimiminie maji mfululizo kwa dakika 15 au zaidi pale pale ulipo, ndipo utafute gari la kwenda hospitali. Beba na chupa yenyewe, daktari aisome.