KUCHAMBUA TAKA KWA MASHINE ZENYE AKILI MNEMBA: MAELEZO KWA WANANCHI

Chupa tupu ya maji, kopo la soda na boksi la karatasi huitwa taka pale tu vinapochanganywa pamoja. Vikitengwa, kila kimoja huwa ni mali ghafi ya kiwanda. Suala linaloikabili miji ya Visiwani na ya Bara ni nani afanye kazi ya kuvitenga, na kwa zana gani. Kata ya Sekei, iliyoko katika Jiji la Arusha chini ya Mlima Meru, ni mfano unaofaa kuzingatiwa.

Hali ilivyo

Taka za majumbani Sekei, kama zilivyo za miji mingi ya Afrika Mashariki, kwa sehemu kubwa ni vitu vinavyooza: maganda ya ndizi, majani na mabaki ya chakula. Zinazochukuliwa na magari hupelekwa dampo la Muriet, upande wa kusini wa jiji. Uchambuzi hufanywa kwa mikono. Waokota makopo huchagua plastiki, chuma na karatasi, wakaziuza kwa kilo kwa wanunuzi wa chakavu. Wengi wao hawana glavu wala viatu vya kazi, nao hukutana na vigae vya chupa na sindano zilizotumika.

Kwa upande wa Bara, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezikabidhi mamlaka za serikali za mitaa dhamana ya taka ngumu, ikiwa ni pamoja na kutengwa kwake pale zinapozalishwa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku huko tarehe 1 Juni, 2019. Zanzibar ilikwishachukua hatua hiyo tangu mwaka 2006. Chupa za plastiki, hata hivyo, zingali zikitumika pande zote mbili.

Mashine hufanyaje kazi

Kampuni ya ZenRobotics, iliyoanzishwa Finland mwaka 2007, ni miongoni mwa zilizotangulia kutumia roboti katika uchambuzi wa taka. Utaratibu wake ni kama ifuatavyo:

(a) Taka humwagwa juu ya mkanda unaokwenda, zikapita chini ya kamera.

(b) Kompyuta, ambayo kabla yake imefundishwa kwa picha nyingi mno za taka, hukitambua kila kitu hata kikiwa kimepondeka au kuchafuka. Huko kujifunza kwa mifano ndiko kunakoitwa akili mnemba.

(c) Mkono wa chuma hukinyakua kitu hicho na kukitia katika chombo chake.

Baadhi ya mitambo huongeza mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, kwa kuwa kila aina ya plastiki huurudisha kwa namna yake. Jambo hili lina uzito. Plastiki ya chupa za maji, iitwayo PET, huyeyuka kwenye joto la kiasi cha nyuzi 250 za Sentigredi. Ile iitwayo PVC huharibika kabla ya kufikia joto hilo. Vipande vichache vya PVC vyatosha kuitia dosari shehena nzima.

Watengenezaji hueleza kuwa mkono mmoja waweza kuokota vitu vipatavyo 80 kwa dakika, ilhali mtu huokota kati ya 30 na 40.

Mipaka yake

Mashine hizi zinahitaji umeme usiokatika, vipuri na mafundi. Plastiki nyeusi mara nyingi huzipotea, kwa sababu rangi ya masizi huumeza mwanga wa infraredi. Zaidi ya hayo, chupa iliyofunikwa na ugali na maganda haitambuliki kwa urahisi wala haishikiki vyema. Kwa hiyo roboti haimwondolei mwenye nyumba wajibu wa kutenga taka mbichi na kavu.

Lipo pia suala la riziki. Mwokota makopo hula kwa jasho la siku ile ile. Mtambo ukija bila yeye kufikiriwa, mji utakuwa umesafishwa kwa kumnyima mtu chakula chake. Njia iliyo bora ni kumpa nafasi mkandani, akiwa na glavu na ujira, mashine ikabeba yaliyo ya hatari na yanayochosha. Kwamba taka yaweza kuajiri imekwisha kuonekana Arusha: karakana ya Shanga huwaajiri watu wenye ulemavu, na huyeyusha chupa kuukuu kwa kutengenezea shanga na vyombo vya kioo.

Kilicho mikononi mwa kila nyumba

Wananchi hawana haja ya kungoja roboti. Ndoo mbili zatosha: moja ya vinavyooza, ambavyo huweza kuwa mbolea ya shamba, na ya pili ya vikavu. Chupa isuuzwe, na vigae na sindano vifungwe mbali na taka nyingine. Atakayezipokea taka hizo, awe mtu au mashine, atakuwa amerahisishiwa kazi, na kitakachofika jaani kitakuwa kidogo.