Je, Wajua? Mji Mkuu Uliokaa Miaka Tisa Bila Meya

Je, wajua ya kuwa Lilongwe, mji uliotwaa daraja ya makao makuu ya Malawi kutoka Zomba mwaka 1975, uliwahi kukaa takriban miaka 9 pasipo meya? Kwa kawaida ya nchi hiyo raia hamchagui meya moja kwa moja, bali madiwani, wakiisha kupata kura za watu, humteua mmoja miongoni mwao. Na kwa kuwa madiwani wa uchaguzi wa mwaka 2000 walimaliza muda wao mwaka 2005, na uchaguzi mwingine usifanyike hata Mei 2014, kiti kilibaki kitupu, na mambo ya masoko na taka yakawa mikononi mwa maafisa wa kuajiriwa, ambao mwananchi hakuwa na kura ya kuwauzulu. Hasara hiyo si haba. Mwaka 2019 madiwani walimchagua Bi. Juliana Kaduya kuwa meya wa mji huo.

Ama Dzaleka, kambi iliyo wilayani Dowa, kaskazini ya Lilongwe, ambayo zama za Rais Kamuzu Banda ilikuwa gereza la wafungwa wa siasa kabla ya kupokea wakimbizi mwaka 1994, haina meya kabisa: maelfu ya Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, ambao wengi wao huelewana kwa Kiswahili, wana viongozi wao wa jumuiya wa kusuluhisha ugomvi na kufikisha shida zao serikalini, ilhali katika kura ya kumpata diwani hawana sehemu.