UFAFANUZI KUHUSU KUREKODI VIPINDI VYA TELEVISHENI NYUMBANI BAADA YA KUSITISHA HUDUMA YA DISHI LA KULIPIA

Malipo ya televisheni ya dishi hurudi kila mwezi, na baadhi ya wakaazi wa Unguja na Pemba huamua kuyasitisha na kubakia na vituo visivyolipiwa. Uamuzi huo ni wa kila nyumba kwa kadiri ya kipato chake. Hata hivyo, king'amuzi cha kulipia chenye diski ndani yake hufanya kazi mbili: kupokea matangazo na kuhifadhi vipindi. Anayesitisha huduma hupoteza zote mbili kwa pamoja, na mara nyingi hasara ya pili huonekana wakati umeshapita. Makala haya yanafafanua mambo ya kuzingatia kabla ya kusitisha huduma hiyo, na namna ya kuchagua chombo kingine cha kurekodia.

1. KABLA YA KUSITISHA MALIPO

Vipindi vilivyorekodiwa ndani ya king'amuzi cha kulipia kwa kawaida huhifadhiwa vikiwa vimefungwa kwa ufunguo wa siri. Ufunguo huo hutegemea king'amuzi chenyewe na, katika huduma nyingi, hutegemea pia malipo kuwa hai. Diski ikitolewa na kuunganishwa na kompyuta, kilichomo hakifunguki.

Tuchukue mfano wa familia ambayo mtoto wao alionekana katika televisheni akishiriki mashindano ya kusoma Kurani mwezi wa Ramadhani. Kituo kilichorusha mashindano hayo hakikuwa cha kulipia, lakini familia ilikirekodi kipindi hicho kwa king'amuzi cha kulipia. Malipo yakikoma, kipindi kinaweza kufungika, ijapokuwa kilirushwa bure na mtoto ni wao.

Kwa hivyo, ni vyema familia ikakagua orodha ya rekodi zake huku malipo yakiwa bado hai. Kipindi cha thamani kinaweza kuchezwa na kupitishwa katika waya wa picha na sauti wenye vichwa vya rangi ya manjano, nyekundu na nyeupe, kwenda katika chombo kingine cha kurekodia, iwapo king'amuzi kinaruhusu. Kazi hiyo huchukua muda uleule wa kipindi: kipindi cha saa moja huhitaji saa moja. Asiyekuwa na muda huo wiki ya mwisho aanze mapema.

Aidha, dishi lililonunuliwa na mwenye nyumba lisitupwe. Dishi hilo linaweza kuunganishwa na king'amuzi cha vituo visivyolipiwa vya satelaiti, ingawa huenda likahitaji kugeuzwa lielekee satelaiti nyengine.

2. VYOMBO VINAVYOWEZA KUCHAGULIWA

(a) King'amuzi cha antena chenye tundu la USB. Hiki ndicho chepesi kwa nyumba nyingi. Hupokea matangazo ya minara ya dijitali na kurekodi katika flashi au diski ya nje. Mnunuzi ahakikishe kuwa king'amuzi ni cha mfumo wa DVB-T2, ambao ndio unaotumika Tanzania. Kilicho cha DVB-T pekee hakitapokea matangazo hayo. Ahakikishe pia kuwa tundu la USB ni la kurekodia, kwani baadhi ya ving'amuzi hulitumia kuchezea muziki na picha tu.

(b) Televisheni yenye king'amuzi ndani yake. Baadhi ya televisheni mpya hurekodi moja kwa moja katika diski ya nje. Upungufu wake ni kwamba nyingi huifunga rekodi isichezwe katika chombo kingine chochote. Televisheni ikiharibika, rekodi zote hupotea nayo.

(c) Kompyuta yenye kifaa cha kupokelea matangazo. Njia hii huhitaji ujuzi kidogo, lakini kwa vituo visivyofungwa hutoa mafaili yanayoweza kunakiliwa na kuhifadhiwa popote. Hapa pia kifaa kiwe cha DVB-T2. Kompyuta ya ofisi isitumiwe kwa kazi hii.

(d) Deki ya kanda za video. Baadhi ya nyumba bado zina deki za zamani. Matangazo ya minara kwa kuwa sasa ni ya dijitali, deki haiwezi kuyapokea yenyewe. Lazima ipate picha kutoka katika king'amuzi, nacho king'amuzi kiwe kimewashwa katika kituo kinachotakiwa. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa miongoni mwa za mwisho kutengeneza deki za VHS, ilisimamisha kazi hiyo mwezi Julai 2016. Hivyo deki iliyopo itumike zaidi kuokoa kanda za harusi na maulidi kabla hazijaota ukungu, badala ya kurekodia vipindi vipya.

3. UKUBWA WA FLASHI AU DISKI

Ukubwa unaohitajika unaweza kukadiriwa kwa hesabu nyepesi. Kila megabiti moja kwa sekunde ya matangazo hujaza takriban gigabaiti 0.45 kwa saa. Kituo kinachorushwa kwa megabiti 2 kwa sekunde kitajaza gigabaiti 0.9 kwa saa. Flashi ya gigabaiti 32 itabeba vipindi vya takriban saa 35. Kituo cha picha angavu kinachotumia megabiti 6 kitajaza gigabaiti 2.7 kwa saa, na flashi hiyohiyo itatosha kwa takriban saa 11.

Diski iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili moja linalozidi gigabaiti 4. Baadhi ya ving'amuzi hukigawa kipindi kirefu katika vipande, na vingine husimama katikati ya mchezo. Jambo hili liulizwe dukani. Iwapo diski ya nje inajizima na kujiwasha, mara nyingi sababu ni kwamba tundu la USB halitoi umeme wa kutosha. Dawa yake ni diski yenye waya wake wa umeme.

4. KUTEGA SAA

Makosa mengi ya kurekodi hayatokani na chombo bali na saa. King'amuzi huhesabu kuanzia usiku wa manane, ilhali mwananchi huhesabu kuanzia macheo. Taarifa ya habari ya saa 2 usiku hutegwa 20:00, si 02:00. Kipindi cha saa 3 asubuhi hutegwa 09:00. Mtumishi anayetaka kuangalia jioni kipindi kilichorushwa akiwa kazini atakosa kila siku iwapo hatalizingatia hili.

Tarehe nayo ina mtego wake. Kwa desturi ya visiwa hivi, usiku hutangulia mchana wake, na usiku wa Jumapili huanza Jumamosi baada ya magharibi. King'amuzi hakijui desturi hiyo. Kipindi cha saa 3 za usiku wa kuamkia Jumapili hutegwa tarehe ya Jumamosi, 21:00. Lakini kipindi cha saa 6 na nusu za usiku huohuo hutegwa tarehe ya Jumapili, 00:30. Inashauriwa kuongeza dakika 5 kabla ya kipindi na dakika 15 baada yake.

Ikumbukwe pia kwamba king'amuzi chenye kipokezi kimoja hakiwezi kurekodi kituo kimoja na kuonyesha kingine chochote. Kwa kawaida huwezekana tu pale vituo viwili vinaporushwa katika masafa yaleyale. Umeme ukikatika katikati ya kazi, faili linaweza kuharibika. Betri ya akiba huzuia hasara hiyo.

5. HAKI ZA WATAYARISHAJI

Kurekodi kipindi ili familia ikiangalie baadaye ni jambo tofauti na kukinakili kwa ajili ya kuuza au kukionyesha kwa kiingilio katika banda la video. Kazi za watayarishaji na wasanii zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya mwaka 2003, na matumizi ya biashara yanahitaji ruhusa ya mwenye haki.

6. JARIBIO LA MWISHO

Kabla ya kulipa, mnunuzi amuombe muuzaji arekodi dakika 10 za kituo chochote kisicholipiwa, kisha achomoe flashi na kuicheza katika kompyuta au televisheni nyengine. Ikicheza, chombo hicho kinafaa kwa kuhifadhia. Isipocheza, kinafaa kwa kipindi cha kuangaliwa leo na kufutwa kesho, na kinunuliwe kwa matumizi hayo tu.

Rekodi zenye thamani kwa familia au skuli ziwekwe nakala mbili, katika diski mbili tofauti, na ikiwezekana katika nyumba mbili tofauti. Diski huanguka, na flashi hupotea. Kipindi kilichorushwa mara moja huenda kisirushwe tena.