Kuku aliyewashinda wenye filamu

Kuna kuku ananisumbua. Nilikutana naye katika simulizi la John Wilson wa Chuo Kikuu cha London, lililochapishwa mwaka 1961, na tangu hapo hajaniacha.

Wilson anaeleza kwamba bwana afya mmoja alitengeneza filamu ya kuwafundisha wanakijiji wa Afrika kuondoa maji yaliyotuama: kukausha madimbwi, kuokota makopo matupu na kuyaweka mbali. Ilikwenda polepole makusudi, ili kila mtu aelewe. Ilipokwisha, watazamaji zaidi ya thelathini wakaulizwa: mmeona nini?

Kuku, wakajibu.

Wenye filamu hawakujua kama mna kuku ndani. Ikawabidi waikague picha moja baada ya nyingine, na kweli walimkuta: kama sekunde moja tu, chini kwenye kona ya kulia, kuku aliyeshtuliwa anaruka na kutoweka. Watazamaji walipoulizwa zaidi walisema mtu naye walimwona, ila hawakumfanyia hadithi.

Wilson alihitimisha kwamba asiyejua kusoma hajui kuitazama picha nzima kwa pamoja. Macho yake huipekua kipande kwa kipande. Mwaka 1962 Marshall McLuhan, mwanazuoni wa Kanada, akalinukuu simulizi hilo katika kitabu chake, likazunguka dunia.

Mimi sikubali. Kuokota kopo taratibu, mbele ya kamera, ni maigizo, na wanakijiji walilitambua hilo. Kuku anayekurupuka ana mwenyewe, na kuna aliyemkurupusha. Hapo pana kisa. Watu wale walikiona kitu pekee ambacho hakikupangwa na mtu. Walimcheka? Walimwonea huruma? Simulizi halisemi, wala halituachii jina la mtazamaji hata mmoja.

Hapa kwetu Tanzania nako wanakijiji waliwahi kuonyeshwa filamu za kufundisha. Kati ya 1935 na 1937, L. A. Notcutt na G. C. Latham walitengeneza filamu fupi 35 huko Vugiri, Usambara, wakazizungusha kwa lori na kufuatilia watazamaji walivyozipokea. Sinema ya Afrika Mashariki ilianza kumuuliza mtazamaji zamani.

Nayasema haya kwa ajili ya kijana wa Ngara anayejifunza filamu leo, hata kama kamera yake ni simu. Mwalimu atampa alama, wenzake watampa sifa, na vyote viwili vitamdanganya kidogo. Ipeleke kazi yako kwenye kibanda umiza cha Kabanga au Rulenge, kaa nyuma, uiache iishe. Usiwaulize kama wameipenda, maana kwa adabu watakuambia ndiyo. Uliza lile swali zuri la Wilson: mmeona nini? Wakikujibu kwa Kihangaza, andika kwa Kihangaza. Wakikutajia kuku, usiwasahihishe. Waulize ni wa nani, na kwa nini alikimbia.