Hoteli za kifahari: Fedha ya Holili iko jikoni, si kwenye matofali

HOLILI: Gari la watalii linalotoka Mombasa kwa njia ya Voi na Taveta husimama hapa kwa muda mfupi tu. Abiria hugongewa mihuri katika pasi zao, dereva hukamilisha karatasi zake, na safari ya kuelekea Moshi huendelea. Chakula cha jioni kitaliwa Marangu, Moshi au Arusha, na huko ndiko watakakolipia kitanda.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani, swali ni moja. Katika fedha za kigeni zinazopita mlangoni kwake, kiasi gani kinaweza kubaki, na kwa njia ipi?

Soko lenyewe si dogo. Takwimu za serikali zinaonyesha kuwa watalii kutoka nje walioingia Tanzania walizidi milioni 1.8 mwaka 2023, na mwaka 2024 wakazidi milioni 2.1. Mapato ya mwaka huo wa 2024 yalikaribia dola za Marekani bilioni 3.9. Mwenye mtaji mdogo akisikia tarakimu hizo, wazo la kwanza humjia la kujenga. Mstaafu huchukua kiinua mgongo, na mlanguzi wa mahindi aliyepata msimu mzuri huchukua faida yake, wakanunua kiwanja kando ya barabara ya Himo na kuanza kupanga matofali ya nyumba ya wageni.

Hata hivyo, hesabu za biashara ya hoteli zinaonyesha kuwa kwa mtu wa kiwango hicho matofali ndiyo njia ndefu na yenye hatari kuliko zote. Njia fupi ipo, nayo hupitia mlango wa jikoni.

Mpaka mwepesi haulazi wageni

Kituo cha pamoja cha mpakani cha Holili na Taveta kilizinduliwa mwaka 2016. Tangu hapo msafiri husimama mara moja tu badala ya mara mbili, na shehena hukaguliwa mahali pamoja. Barabara ya Arusha hadi Voi nayo iliingizwa katika mradi uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na kipande cha Mwatate hadi Taveta kikatiwa lami.

Kwa mwenye lori hayo ni mafanikio makubwa. Kwa mwenye nyumba ya kulala wageni ni habari ya namna nyingine: kadiri mpaka unavyopitika haraka, ndivyo sababu ya kulala hapo inavyopungua. Mteja aliyelala kwa kuwa karatasi zake zilichelewa hawezi tena kuwa msingi wa mradi wa miaka 20. Mtalii hulala mahali alipopata sababu ya kulala.

Funzo kutoka Ugiriki

Namna sababu hiyo inavyotengenezwa inaweza kuonekana katika kisiwa cha Santorini, nchini Ugiriki. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2021, kisiwa hicho kina wakazi wapatao 15,500, lakini hupokea wageni zaidi ya milioni 3 kwa mwaka. Bidhaa yake kuu ni mandhari: vyumba vilivyo ukingoni mwa kreta ya volkano iliyojaa maji ya bahari.

Vyumba hivyo havikuanza kama majumba ya fahari. Vingi vilikuwa nyumba za mapango, zilizochimbwa katika mwamba laini na kukaliwa na mabaharia na watu wa kipato kidogo. Tetemeko la ardhi la mwaka 1956 liliharibu nyingi, na wenyeji wengi wakahama. Katika miaka ya 1970, Shirika la Utalii la Ugiriki lilianza kuzikarabati nyumba za aina hiyo katika kijiji cha Oia na kuzifanya nyumba za wageni. Leo chumba cha pango chenye kidimbwi chake cha kuogea na huduma ya masaji huuzwa kwa bei ambayo baharia wa zamani asingeiamini.

Jambo la pili liko mezani. Santorini ni kisiwa kikavu chenye uhaba wa maji baridi, lakini nyanya zake ndogo, kunde zake za njano ziitwazo fava na mvinyo wake vinalindwa kwa jina na sheria za Umoja wa Ulaya. Mkulima wa huko hauzi nyanya tu. Huuza nyanya ya Santorini, na mpishi wa hoteli huiandika hivyo katika orodha ya vyakula na kuipandishia bei.

Chala: mali ipo, gharama ipo

Holili nayo ina kreta yake. Kaskazini ya mji kuna Ziwa Chala, ziwa la volkano linalogawanywa na mpaka wa Tanzania na Kenya, lenye kina cha karibu mita 90. Maji yake hutoka Mlima Kilimanjaro kwa kupita chini ya ardhi. Kambi na loji ndogo zimekwisha kuonekana katika ukingo wake, na mandhari yake haihitaji kusifiwa.

Lakini kuifanya Chala kuwa mahali pa hoteli ya kifahari ni kazi ya mtaji mkubwa. Barabara, umeme, maji safi, bima na matangazo ya nje ni gharama zinazokuja kabla ya mgeni wa kwanza. Usalama nao una bei: mwaka 2002 msichana wa Kiingereza aliyekuwa akiogelea katika ziwa hilo aliuawa na mamba, na habari hiyo ingali ikisomwa na watalii. Aidha, mgeni mwenye viza ya Tanzania hawezi kuzunguka tu ziwa na kuingia Kenya. Tangu Januari 2024 Kenya hudai kibali cha kusafiri kinachoombwa kwa intaneti, na Tanzania haimo katika viza ya pamoja ya Kenya, Uganda na Rwanda. Ziwa ni moja, lakini karatasi ni mbili.

Hesabu ya matofali

Chukua mfano wa nyumba ya wageni ya vyumba 10, kila chumba kikigharimu Sh. milioni 30 kujenga na kupamba. Jumla ni Sh. milioni 300, na nusu yake imekopwa benki kwa riba ya asilimia 16. Chumba kinalipiwa Sh. 60,000 kwa usiku, na kwa wastani wa mwaka vyumba vinne kati ya kumi vina mtu.

Hapo nyumba itauza usiku 1,460 na kuingiza Sh. milioni 87.6. Mishahara, umeme, maji, dobi, chakula, matengenezo na kodi vikichukua asilimia 65, hubaki Sh. milioni 30.7 hivi. Riba peke yake ni Sh. milioni 24 katika mwaka wa kwanza. Mwenye nyumba anabaki na pungufu ya Sh. milioni 7, na bado hajaanza kulipa mkopo wenyewe.

Vyumba vyenye watu vikishuka hadi vitatu kati ya kumi, mapato huwa Sh. milioni 65.7. Gharama hazishuki kwa kiwango hicho, kwa kuwa mlinzi na mpishi hulipwa hata chumba kikiwa kitupu. Zikibaki Sh. milioni 52, ziada ya Sh. milioni 13.7 haitoshi hata riba. Huo si mfano wa mwaka wa maafa. Ni mfano wa masika marefu, ambayo kila mwaka hupunguza wageni wa mlimani kati ya Machi na Mei.

Hesabu ya jikoni

Mgeni anayepanda Kilimanjaro hukaa mlimani siku 5 hadi 8, na hupanda pamoja na kiongozi, mpishi na wapagazi. Wote hao hula, na chakula chao hununuliwa chini kabla ya kupanda. Kabla na baada ya safari mgeni hulala hotelini Moshi, Marangu au Arusha, ambako hudai kifungua kinywa kizito na chakula cha jioni. Wengi huendelea Serengeti au Zanzibar, na sehemu kubwa ya mboga na matunda ya hoteli za kitalii za Zanzibar huvushwa kutoka Bara.

Bidhaa zinazotakiwa zimeizunguka Holili. Migombani juu kuna ndizi, kahawa na parachichi. Tambarare kuna mahindi, maharage na mchele wa Moshi chini, ambako skimu ya umwagiliaji iliyojengwa kwa msaada wa Japani ilikamilika miaka ya 1980. Mtu anayepeleka bidhaa hizo soko la Taveta tayari anajua kununua, kupanga madaraja na kusafirisha.

Kinachobadilika ni nidhamu. Hoteli haihitaji gunia la nyanya mchanganyiko. Inahitaji nyanya za ukubwa mmoja, siku zile zile, kabla ya jua kuchomoza, mwaka mzima. Inahitaji risiti ya mashine ya EFD na namba ya mlipa kodi, kwa kuwa yenyewe hukaguliwa. Asiyekuwa na karatasi hizo ataishia kumuuzia mtu wa kati, na faida itabaki kwa huyo wa kati.

Jambo linaloangusha wengi ni mali kauli. Hoteli nyingi hulipa baada ya siku 30, na nyingine 45 au zaidi. Anayepeleka bidhaa za Sh. milioni 2 kwa wiki atakuwa ametoa zaidi ya Sh. milioni 8 kabla ya kuona hundi ya kwanza. Kwa siku 45 atakuwa ametoa zaidi ya Sh. milioni 12. Huo ndio mtaji halisi wa biashara hii. Hata hivyo ni sehemu ndogo ya Sh. milioni 300 za matofali, na mtu anaweza kuanza na hoteli moja na zao moja.

Spa na harufu ya kahawa

Hoteli za kifahari huuza pia huduma za spa, na hapo Zanzibar imeonyesha njia. Singo, iliyokuwa ikitayarishwa kwa ajili ya maharusi, sasa hulipiwa na wageni kama huduma ya kusugua mwili, na mwani wa wakulima wa pwani umekuwa sabuni. Kilimanjaro ina kahawa ya kusugulia na parachichi la kutoa mafuta. Ina pia maji ya Kikuletwa wilayani Hai, maarufu kwa jina la Chemka, ambayo kwa kweli ni vuguvugu tu. KNCU, chama cha ushirika kilichoanzishwa mwaka 1933, ilikwisha kuonyesha kwa mradi wake wa Kahawa Shamba kwamba mtalii yuko tayari kulipia kuona kahawa ikikaangwa na mkulima mwenyewe. Anayetaka kufunga bidhaa za mwili akumbuke kuwa tangu mwaka 2019 vipodozi viko chini ya TBS, na bila usajili wao duka la hoteli halitazipokea.

Vikapu viwili

Utalii nao huanguka. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea wageni 1,527,230. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, walikuwa 620,867. Februari 2025 matetemeko mfululizo yaliwafanya watu zaidi ya 10,000 kuondoka Santorini, na hoteli haina magurudumu ya kuondoka nayo.

Lakini hata mahindi huanguka. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na ingawa zuio lililegezwa baada ya siku chache kwa masharti mapya, waliokuwa na magari barabarani waliumia. Aliyekuwa na mteja upande mmoja tu wa mpaka hakuwa na pa kugeukia.

Hapo ndipo ilipo thamani ya mlango wa jikoni kwa Holili. Mfanyabiashara anayepeleka Taveta siku za gulio na hoteli za Moshi siku nyingine ana vikapu viwili. Kimoja kikipasuka, kingine kinashikilia mtaji. Aliyezika kiinua mgongo chake katika vyumba kumi kando ya barabara ana kikapu kimoja, nacho kimejengwa kwa saruji.