Kuvu Darini: Usiipake Rangi, Iondoe

Masika yakipita hapa Moshi, wengi wetu hukimbilia kupaka rangi dari yenye madoa meusi. Wiki chache baadaye madoa yamerudi, na mtoto anaendelea kukohoa usiku. Watoto wa namna hiyo nawaona mara kwa mara: dawa ya pumu wanapewa, kisha wanarudi kulala chini ya dari ileile.

Madoa hayo ni kuvu. Chakula chake kipo tayari: mbao, siling bodi na vumbi. Inachosubiri ni maji. Njia ya kwanza ya maji ni bati lililotoboka au msumari uliolegea. Ya pili wengi hawaijui. Usiku wa baridi, hasa huku juu Machame, Kibosho na Marangu, mvuke wa jikoni hupanda darini, ukigusa bati la baridi hugeuka matone. Ndiyo maana dari hulowa hata siku isiyo na mvua.

Fanya hivi. Ziba panapovuja. Weka matundu ya hewa chini ya paa, yawe na wavu popo wasiingie, na jiko lipate dirisha. Siku ya kusafisha, watoto na mwenye pumu watoke. Funika pua na mdomo, vaa glavu. Usifagie kuvu kavu, vumbi lake litasambaa, ilowanishe kwanza. Mbao zisugue kwa maji na sabuni, ziache zikauke kabisa. Siling bodi iliyooza itoe. Ukitumia dawa ya klorini, usiichanganye kamwe na siki wala dawa ya choo, maana hutoa hewa ya sumu.

Je, mnahifadhi mahindi darini? Kuvu ya mahindi yaweza kutoa sumukuvu, inayoharibu ini. Haionekani kwa macho, wala kuosha na kupika hakuimalizi. Mwaka 2004 iliua watu 125 nchini Kenya. Mwaka 2016 iliua Dodoma na Manyara. Kausha mahindi vizuri kabla ya kuyapandisha. Yaliyoota kuvu usimpe hata ng'ombe, kwani sumu hupita kwenye maziwa. Najua tunaogopa israfu, lakini gunia hilo si chakula tena.

Ijumaa hii ukitoka msikitini, chukua ngazi na tochi, upande ukaangalie. Wabillahi tawfiq.